Kabla ya Ukuta Huwa Kuna Nyasi

Ukitaka kujua ni kiwanja gani cha umma hapa Nairobi kitanyakuliwa miaka miwili mitatu ijayo, usijisumbue kwenda Ardhi House, makao makuu ya wizara ya ardhi. Zunguka mitaani uangalie nyasi. Pale zilipofika magotini, taa zimekufa na hakuna aliyekuja kuzibadilisha, mfereji umekauka na kibanda cha mlinzi kimeng'olewa mabati, pana mtu ameshaanza kupapima kwa macho. Ukuta huja mwisho. Kabla ya ukuta hupita mpima ardhi na bikoni zake, zile alama za mipaka, kabla ya mpima ardhi hupita barua, na kabla ya barua hupita miaka kadhaa ambayo bajeti haikupatengea mahali pale hata pesa za kufyeka.

Ndiyo maana hushangaa nikisikia watu wakijadili kuuzwa kwa ardhi ya umma leo, halafu kesho wakajadili kupunguzwa kwa fedha za misitu na bustani, kana kwamba hayo ni mambo mawili ya wizara mbili zisizojuana. Nijuavyo mimi, la pili hulitangulia la kwanza na kulifagilia njia.

Nimekulia Eastlands, katika mtaa wa nyumba za baraza la jiji. Tulikuwa na uwanja mmoja, si mkubwa sana, wenye magoli ya chuma na mti wa mjakaranda upande mmoja. Kulikuwa na mzee aliyeajiriwa na baraza, akija na fyekeo na ovaroli yake ya kijani, na alikuwa mkali kuliko mwalimu mkuu. Alipostaafu hakuletwa mwingine. Wazazi walipouliza wakaambiwa pesa hazipo. Magoli yakaondoka usiku, yakaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Takataka zikaanza kumwagwa kona moja, kisha kona zote. Taa ilipokufa, akina mama wakaacha kupita pale magharibi ikiingia, na kweli palikuwa na vijana waliojificha humo na visu.

Mabati yalipozungushwa, nikiwa shule ya upili, kilichonishangaza ni kwamba baadhi ya majirani walifurahi. Nakumbuka mmoja akimwambia mama yangu tukiwa kwenye foleni ya maji, "Afadhali wajenge, dadangu. Angalau wezi watakosa pa kujificha." Mama hakumjibu. Angejibu nini? Uwanja wenyewe ulikuwa umeshageuka adui wetu, na aliyetaka kuuchukua hakulazimika kumshawishi mtu. Siku hizi pana ghorofa lenye maduka chini, na watoto wa mtaa huo hucheza mpira barabarani, wakitawanyika kila gari likipita.

Mjomba wangu alikuwa mpima ardhi, sasa amestaafu. Nikisema mbele yake kwamba ardhi ya umma iliibwa, hukunja uso. "Sikiza, kijana. Hakuna aliyeiba. Kila kitu kilifuata faili." Halafu hukueleza kwa upole, kama mtu anayefundisha hesabu, jinsi faili lilivyokuwa likitembea. Ili kipande cha ardhi ya serikali kigawiwe mtu, ilisaidia sana kuwe na karatasi inayosema idara inayokishikilia haina haja nacho tena. Na idara isiyo na pesa ni rahisi kuandikisha karatasi hiyo. Haina ua, haina mlinzi, haijawahi kulipa mtu apime mipaka, na afisa wake amechoka kuitwa kila wiki kueleza kwa nini pale pamekuwa pango la wahalifu. Akiletewa barua ya kutia sahihi, anaona ametuliwa mzigo. Mjomba anasema alikutana na maafisa waliotia sahihi bila kupokea hata soda.

Wengine walipokea zaidi ya soda, hilo linajulikana. Mwaka 2003, muda mfupi baada ya Mwai Kibaki kuingia Ikulu, iliteuliwa tume ya kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, mwenyekiti akiwa wakili Paul Ndung'u. Ripoti yake ilichapishwa mwishoni mwa 2004. Wakenya wengi huikumbuka kwa takwimu moja: hatimiliki haramu zipatazo 200,000, nyingi mno zikiwa zimetolewa kati ya 1986 na 2002. Mimi kilichonikaa ni orodha ya mahali penyewe. Misitu, hifadhi za barabara, viwanja vya michezo, makaburi, maeneo oevu, vyoo vya umma. Vyoo! Mtu aliketi mezani, akaandika barua, na choo cha jiji kikawa mali yake binafsi. Waliokuwa Nairobi miaka ya tisini watakumbuka vyoo hivyo vilivyogeuka vibanda vya biashara.

Sheria ya zamani ya ardhi ya serikali ilikuwa na masharti yake. Mwenye mamlaka ya kugawa ardhi ya serikali iliyo tupu alikuwa rais, na ploti za mijini zilipaswa kutangazwa na kupigwa mnada. Kwa vitendo, barua za ugawaji zilitolewa kwa wenye majina, na wenye majina hawakusubiri hata kulipia ada. Barua yenyewe haikuwa hatimiliki, ila sokoni iliuzika kama hatimiliki. Anayeipata leo anaiuza kesho. Na mnunuzi aliyependwa kuliko wote alikuwa shirika la umma, kwa sababu hilo halibishanii bei. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, ilitumia mabilioni ya shilingi kununua ardhi za namna hiyo. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa kiwanda kule Industrial Area alipigwa mara mbili: alinyang'anywa ardhi iliyokuwa yake pamoja na Wakenya wote, kisha akiba yake ya uzeeni ikatumika kuinunua kwa bei ya juu kutoka kwa mtu aliyeipata karibu na bure.

Sasa, Karura. Kisa chake kinasimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa nusu.

Karura ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Una hekta elfu moja na kitu, kaskazini mwa jiji, ukizungukwa na Muthaiga, Gigiri, Runda na Barabara ya Kiambu. Kwa bei za viwanja vya upande huo, ni muujiza kwamba bado una mti hata mmoja. Miaka ya tisini vipande vyake viligawiwa makumi ya makampuni binafsi, na mwaka 1998 habari zilimfikia Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira.

Hakuwa mgeni katika vita hivyo. Mwaka 1989 alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 ambalo serikali ya KANU, chama tawala cha wakati huo, ilitaka kulisimamisha ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya jiji, kwa ajili ya shirika la magazeti la chama, pamoja na sanamu ya rais. Wabunge walimcheka na kumtukana ukumbini, na shirika lake la Green Belt likatimuliwa katika ofisi ya serikali lililokuwa likiitumia. Lakini barua zake zilifika kwa waliotarajiwa kutoa mkopo, wakasita, na jengo likafa kwenye karatasi. Kipande kile cha bustani ndicho tunachokiita Freedom Corner.

Karura ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu hapakuwa na mradi mmoja wa kuuaibisha. Palikuwa na hati nyingi, za watu wengi, na wenye hati walikuwa wamekodi walinzi. Oktoba 1998 mitambo ya ujenzi ilichomwa moto. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari alikwenda na wenzake kupanda miche mlangoni, wakavamiwa na vijana wenye mijeledi na marungu. Alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani majuma yaliyofuata, jiji likanuka gesi ya kutoa machozi, na Agosti mwaka huo huo Rais Moi akatangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Wasimulizi wengi hukomea hapo, watu wakapiga makofi. Mimi nataka kuendelea kidogo, maana kwa miaka karibu kumi iliyofuata Karura ulikuwa umeokolewa na bado hakuna mtu wa kawaida aliyethubutu kuingia. Maiti zilikuwa zikitupwa mle. Wachoma makaa na wapika chang'aa walikuwa wenyeji kuliko askari wa misitu, ambao walikuwa wachache na hawana gari wala mafuta. Msitu ulishinda kwenye mahakama ya wananchi, kisha ukaachwa bila pesa, na ukaanza kufanana na ule uwanja wetu wa Eastlands. Kama mtu angekuja mwaka 2006 na mpango wa kujenga nyumba mia tano na kituo cha polisi ndani yake, nina hakika wapo ambao wangesema, afadhali wajenge.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa sheria na ua. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wananchi wanaoishi karibu na msitu kuunda vyama na kuusimamia pamoja na Huduma ya Misitu Kenya, KFS. Marafiki wa Karura wakaunda chao, wakachangisha, wakazungusha ua wa umeme, wakaajiri vijana wa doria, wengine kutoka Mji wa Huruma, kijiji cha mabanda kinachopakana na msitu. Mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa umma. Profesa Wangari aliaga dunia Septemba mwaka huo huo. Leo wikendi ukienda utakuta familia zimetandika shuka, watoto wanakodi baiskeli, wachumba wanapigana picha kwenye maporomoko, na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha yana kibao cha kuelekeza. Mbega wamerudishwa, na kima wameshajua mfuko wa chipsi unafananaje.

Yote hayo yaliendeshwa kwa kiasi kikubwa na kiingilio cha langoni. Mwananchi mtu mzima alikuwa akilipa shilingi 100 miaka mingi. Pesa zilikusanywa papo hapo na kutumika papo hapo: mshahara wa doria, ukarabati wa ua, kung'oa mimea vamizi, kupanda ya kiasili.

Ndipo mwishoni mwa Agosti 2025 KFS ikaagiza kwamba malipo yote ya kuingia yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni. Chama cha Marafiki wa Karura kikapinga, watu wakakusanyika malangoni na mabango, na mitandaoni kukawa na kelele kubwa. Nilizisoma hoja za pande zote mbili na nisingependa kuzirahisisha. Upande wa serikali una hoja. Msitu ni wa umma, ada inayotozwa pale ni pesa ya umma, na pesa ya umma inapaswa kupita mahali ambapo Mkaguzi Mkuu anaweza kuiona. Hakuna chama, hata kiwe na wema kiasi gani, kinachofaa kuugeuza msitu wa serikali kuwa klabu yake. Wanaosema hivyo si lazima wawe wanyakuzi.

Lakini mimi ni mtoto wa uwanja ulioachwa nyasi. Pesa ikishatoka langoni na kwenda Hazina Kuu, inarudije? Inarudi kwa mafungu, ikichelewa, ikiwa imekatwa, baada ya kushindana na barabara, mishahara na madeni ya taifa. Mlinzi wa doria hawezi kungoja robo ya pili ya mwaka wa fedha. Akikosa mshahara miezi miwili ataacha kuja, ua utaibwa nyaya, na baada ya hapo hadithi mnaijua. Kwa hiyo swali langu kwa wakubwa halikuwa pesa zipitie wapi. Nilitaka waonyeshe kwanza mstari wa bajeti wenye jina la Karura, na tarehe ambayo pesa zake hutoka. Ukinionyesha huo, mimi nitalipa kwa eCitizen na shukrani juu.

Kuna jambo jingine ambalo marafiki zangu wa mbio za Jumamosi hawapendi nikilisema. Karura una marafiki kwa sababu majirani zake ni mabalozi, maafisa wa Umoja wa Mataifa na wenye makampuni. Walipotaka ua, walijua nani wa kumpigia simu. Uwanja wetu wa Eastlands haukuwa na rafiki hata mmoja mwenye karatasi yenye nembo. City Park, bustani ya umma walikozikwa mpigania uhuru Pio Gama Pinto na makamu wa rais wa zamani Joseph Murumbi, iko hatua chache kutoka Muthaiga na bado ilimegwa. Tukisema kila kipande cha umma kitafute wafadhili wake, tutakuwa na misitu mizuri karibu na matajiri na ghorofa mahali pengine pote. Wema wa wananchi ni wa kushukuriwa, lakini hauwezi kuwa badala ya bajeti ya jiji lenye mamilioni ya watu.

Nani alipigania uwanja wa wasio na simu za kupiga? Tarehe 19 Januari 2015 walikuwa watoto. Wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliporudi shuleni walikuta ukuta umejengwa kati yao na uwanja wao wa michezo. Wakausukuma, wakiwa na wanaharakati na baadhi ya watu wazima, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa shule, wengine hawajafika kimo cha meza. Picha zile zilizunguka dunia, serikali ikaona aibu, ukuta ukaondolewa. Rais Uhuru Kenyatta aliwataka maafisa kushughulikia hatimiliki za shule za umma.

Hapo napo pesa zinaingia, kwa mlango wa nyuma. Shule kupata hatimiliki inahitaji kupimwa, bikoni ziwekwe, ramani itiwe sahihi, ada zilipwe. Mwalimu mkuu anayehesabu chaki hana fungu la kumlipa mpima ardhi. Shule nyingi zilisimama miaka hamsini juu ya ardhi iliyotolewa na wazee wa kijiji au na baraza, na karatasi pekee waliyo nayo ni kumbukumbu ya mkutano. Mnyakuzi yeye ana pesa ya mpima ardhi. Anamaliza kwa muda mfupi kile ambacho shule haijaweza tangu uhuru.

Huko Pwani sheria imeanza kusaidia, na hili natamani lingesomwa misikitini na makanisani pamoja na matangazo ya harusi. Kulikuwa na kipande cha ardhi Nyali, ufuoni, kilichokuwa kimetengwa kama eneo wazi. Mwaka 1989 kikagawiwa Moi akiwa rais. Kikauzwa, kikauzwa tena, hadi kikafika mikononi mwa kampuni ya Dina Management. Mwaka 2017 Kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta ili watu wapite kwenda baharini, kampuni ikaenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakaamua kwamba ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo hatimiliki iliyozaliwa nao haiwezi kulindwa. Kwamba wewe ulinunua kwa nia njema, ukalipa, ukapewa cheti chenye muhuri, hakuiponyi hati ambayo mzizi wake ni mbovu. Katiba ya 2010, Ibara ya 40, inasema wazi kuwa ulinzi wa mali haumhusu aliyeipata kinyume cha sheria.

Mawakili wa ardhi wamebadilika tangu hukumu ile. Zamani mnunuzi aliridhika na cheti safi. Sasa benki na wanunuzi makini wanaulizia historia nzima: nani aligawa, kwa utaratibu gani, ramani ya eneo ilisema nini kabla.

Ila hukumu haifyeki nyasi. Katiba hiyo hiyo iliunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na sheria ya 2012 ikaipa tume miaka mitano kupitia upya hati zote zilizotolewa juu ya ardhi ya umma. Miaka hiyo iliisha 2017, kazi ikiwa mbali sana na kumalizika. Tume imelia njaa ya fedha karibu kila mara ilipofika mbele ya Bunge. Sitaki kuitakasa, imekuwa na madoa yake. Lakini fikiria umepewa mrundo wa hati wa miaka arobaini, wafanyakazi wachache na saa inayokimbia. Aliyetaka kazi ile ishindwe hakuhitaji kumhonga mtu. Alihitaji tu bajeti isiongezwe.

Ninapoishi sasa tuna kiwanja kimoja kilichobaki. Hakina uzuri wowote: vumbi, mbuzi wawili watatu wa jirani, na magoli ya mbao yaliyotengenezwa na vijana wenyewe. Chama cha wakazi kimejifunza kalenda ya kaunti, jambo ambalo zamani tuliwaachia wanasiasa. Mkakati wa fedha hufikishwa kwa bunge la kaunti Februari, makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Ukija Mei kulalamika, umekuja kwenye karamu sahani zikioshwa. Kwa hiyo tunakwenda mapema, kwenye vile vikao vya kukusanya maoni ya umma vinavyotangazwa kwa ghafla na kufanyika siku ya kazi asubuhi, ili wanaofanya kazi wasifike.

Tunachoomba ni kidogo mno, mpaka inaleta aibu kukitaja mbele ya watu wanaozungumza barabara kuu: mtunza bustani mmoja, taa, na ada ya mpima ardhi wa kuweka bikoni. Kwenye kikao cha mwisho afisa aliyekuwa akiandika aliinua uso akauliza, bila ubaya wowote, kwani hapo pana nini cha kulindwa. Mzee mmoja wa mtaa wetu, karani mstaafu wa reli, akasimama na karatasi ya utafutaji, ile inayoonyesha ploti imesajiliwa kwa jina la nani, iliyotoka kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, akamsomea namba ya ploti tarakimu moja baada ya nyingine, kisha akakataa kuketi hadi iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.